Ringi Inayobingirika Haiumizi: Kujifunza Hulahupu Bila Kuvilia Damu

Kila anayeanza kuzungusha hulahupu, ile ringi ya plastiki ya kiunoni, huambiwa maneno yaleyale na waliomtangulia: siku za mwanzo utavilia damu, vumilia, mwili utazoea. Ushauri huo una chembe ya ukweli, maana ngozi na misuli huzoea kweli. Lakini umewafanya watu wengi wavumilie maumivu ambayo hawakuwa na haja ya kuyapata. Wapo wanaoonyeshana mivilio ya nyongani kwa fahari, kana kwamba ni cheti cha kuhitimu. Na wapo wengine, ambao nadhani ni wengi zaidi, wanaoiegemeza ringi nyuma ya mlango baada ya siku chache na wasiiguse tena.

Mivilio ina sababu zake, na sababu hizo zinajulikana. Ringi ikiwa mwilini hufanya moja kati ya mambo mawili: hubingirika au hugonga. Inapobingirika, uzito wake unapita juu ya ngozi bila kusimama mahali, na mtu hasikii kitu zaidi ya mguso. Inapogonga, uzito wote unashuka mahali pamoja kwa ghafla, mara nyingi juu ya mfupa. Na kinachoifanya igonge ndicho hichohicho kinachoifanya ianguke: umechelewa kuisukuma, au umeisukuma mahali isipokuwepo. Ndiyo maana nasema kwamba kujifunza mitindo na kujikinga na maumivu ni kazi moja. Ukiona mwili unazidi kuchakaa wiki baada ya wiki, usijisifu kwa ustahimilivu. Kuna kitu unakikosea, na kinarekebishika.

Kwa nini haianguki

Watoto wa sehemu nyingi za dunia wamecheza na ringi za miti, mianzi na chuma kwa karne nyingi. Hii ya plastiki tunayoijua ilishika kasi mwaka 1958, pale kampuni ya Wham-O ya California, iliyoanzishwa na Richard Knerr na Arthur Melin, ilipoanza kuiuza baada ya waanzilishi hao kusikia habari za watoto wa Australia waliokuwa wakizungusha ringi za mianzi viunoni. Katika muda wa miezi michache ziliuzwa mamilioni. Chombo chenyewe ni paipu iliyofungwa ncha kwa ncha, hakina injini wala betri, na bado namna kinavyobaki juu imewasumbua wanasayansi hadi juzi.

Ringi ikizunguka kiunoni, haikugusi pande zote. Inakugusa sehemu moja tu kwa wakati, na sehemu hiyo inakimbia kuzunguka mwili: tumboni, ubavuni, mgongoni, ubavu wa pili, kisha tumboni tena. Msuguano kati ya ringi na nguo huizuia isiteleze chini, na msukumo wako huirudishia kasi inayopotea kila mzunguko. Kasi ikipungua, ringi huanza kuyumba, upande mmoja huinama, na kutoka hapo safari ya vifundoni ni fupi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha New York waliliangalia jambo hili kwa kutumia viroboti vidogo vya maumbo mbalimbali, na matokeo yao yakachapishwa mwanzoni mwa 2025. Waligundua kwamba kiwiliwili kiwe cha duara kamili au cha yai, ringi inazunguka vilevile. Kinachoifanya ibaki juu ni vitu viwili: mteremko, yaani nyonga iliyo pana kuliko sehemu iliyo juu yake, na mbonyeo wa kiuno unaoishika ringi isipande wala isishuke. Umbo lililonyooka juu hadi chini halikuweza kuishikilia. Mwanadamu si roboti, lakini hapa pana faraja kwa wanaodhani hawana kipaji. Mwenye kiuno kilichonyooka hakukosea popote, ila inambidi asukume kwa nguvu zaidi kidogo na achague ringi itakayomsaidia.

Mombasa ina mtego wake katika jambo hili, na mtego huo unaitwa chakacha. Wanawake wa hapa wamekulia katika harusi ambako kiuno kinazungushwa kwa mpangilio wa ngoma, leso, yaani kanga, imefungwa nyongani, kifua kimetulia tuli huku chini kunazunguka. Ustadi huo wa kuitenganisha nyonga na kifua ni hazina. Wengine huchukua miezi kuupata. Lakini duara la chakacha ni pana na linakwenda pole. Ringi haitaki duara. Inataka misukumo mifupi ya mbele na nyuma: mmoja inapopita tumboni, mwingine inapopita mgongoni. Unafanya kazi ya mtu anayesukuma bembea, ambaye haikimbilii inapokwenda, anaisubiri irudi mkononi ndipo aisukume.

Niliona hilo kwa karibu jioni moja pale Mama Ngina, uwanja wetu wa kupunga upepo kando ya bahari, upande wa ukuta unaotazama maji, watu wakiwa na mihogo yao na madafu. Mama mmoja aliyevaa dera alichukua ringi ya mwanawe akaanza kuizungusha. Kiuno alikuwa nacho, tena cha kutazamwa. Alizungusha duara kubwa, zuri, na ringi ikaanguka. Akairudia, ikaanguka. Kila iliposhuka iligonga kwanza mfupa wa nyonga wa kulia, kisha goti, na mara ya tano hivi akashika nyonga na kukunja uso. Mwenzake aliyekuwa ameketi ukutani akamwambia, "Shoga, unakimbizana nayo. Iache ije tumboni ndio uisukume. Halafu hiyo ya mtoto, chukua hii kubwa." Akachukua ringi kubwa ya mwenzake, akatanguliza mguu mmoja mbele, akaacha kuzungusha, akawa anahamisha uzito mbele na nyuma. Ringi ikakaa. Haikukaa muda mrefu, lakini kwa muda wote iliokaa haikumgonga hata mara moja.

Ukubwa nao haukuwa jambo dogo. Ringi pana huzunguka polepole, kwa hiyo inakupa nafasi ya kuisubiri. Ringi nyembamba ya mtoto, yenye kipenyo cha sentimita 70 au pungufu, inamtaka mtu mzima aisukume haraka mno, naye akichelewa inamgonga ikiwa na kasi kubwa. Mtu mzima anayeanza atafute ringi ambayo ikisimamishwa sakafuni mbele yake inafika kati ya kitovu na kifua. Kwa wengi hiyo ni sentimita 95 hadi 105.

Kinachovilia ni nini hasa

Chini ya ngozi kuna mishipa midogo sana ya damu. Ikibanwa kwa ghafla kati ya kitu kigumu cha nje na mfupa wa ndani, inapasuka, na damu inavuja katika nyama bila njia ya kutokea. Huo ndio mvilio. Mwili huivunjavunja damu hiyo kwa siku kadhaa, na rangi hubadilika kadiri himoglobini inavyogeuzwa: wekundu au zambarau mwanzoni, kisha kijanikibichi, kisha manjano, hadi inafifia kwa muda wa wiki mbili hivi. Kwenye ngozi nyeusi rangi hizo hazionekani vizuri. Huenda ukaona weusi tu uliozidi, au usione kitu kabisa, na kilichopo ukakijua kwa joto, uvimbe na maumivu ukipabonyeza. Usingoje kuona rangi ndipo uamini kwamba umeumia.

Mambo manne huongeza uwezekano wa kuvilia. La kwanza ni uzito wa ringi. La pili ni kasi yake, na hili ndilo zito kuliko linavyoonekana, maana nishati ya kitu kinachokwenda huongezeka kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa maradufu, nishati ni mara 4. La tatu ni unene wa paipu, kwa kuwa paipu nyembamba hubana eneo dogo. La nne ni kurudia mahali palepale. Ringi ikizunguka mara 100 kwa dakika, dakika 10 ni mizunguko 1,000, na kama kila mzunguko unagusa mfupa uleule wa nyonga kwa kishindo kidogo tu, jioni utajua.

Hapo ndipo ninapogombana na zile ringi nzito zenye vinundu kwa ndani, zinazouzwa kwa ahadi ya kupunguza tumbo. Nyingine zina uzito wa kilo moja na zaidi. Mazoezi ya ringi yenye uzito yana faida: utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba watu wenye uzito mkubwa waliozungusha ringi ya kilo 1.5 kila siku kwa wiki 6 walipungua kiuno kuliko walipofanya mazoezi ya kutembea. Lakini hayo ni mazoezi ya kiuno peke yake. Anayetaka kujifunza mitindo, ringi ipande kifuani, ishuke magotini, izunguke mkononi, akitumia ringi ya kilo moja na nusu anatafuta kuvunjika kidole. Na vinundu vile havina kazi yoyote katika kuishikilia ringi. Vinachofanya ni kukusanya uzito wote kwenye ncha ndogo ndogo.

Ringi ya kujitengenezea, na siri ya leso

Ringi nzuri ya mtindo huwezi kuipata kila duka, lakini unaweza kuitengeneza. Nenda duka la vifaa vya ujenzi au la mabomba, ununue ile paipu nyeusi ya plastiki ya maji inayouzwa kwa mita ikiwa imeviringishwa. Paipu ya milimita 25 inamfaa anayeanza; ya milimita 20 ni nyepesi na inafaa mitindo ya mikono baadaye. Mita 3 za paipu hutoa ringi ya kipenyo cha karibu sentimita 95. Chovya ncha moja katika maji ya moto hadi ilegee, sukuma kiungio ndani, fanya hivyo upande wa pili, subiri ipoe. Uzito ukibaki kati ya gramu 400 na 700 umepatia.

Kiungio ndicho cha kuangaliwa kwa makini kuliko vyote. Pitisha kidole pale paipu zinapokutana. Ukihisi ukingo, hata mdogo kiasi cha unene wa kucha, piga msasa mpaka upotee, kisha funika kwa tepu. Ukingo huo utapita juu ya ngozi yako kila mzunguko, na utakukwangua mchubuko mrefu ambao hutaujua mpaka jasho lianze kuuma. Tepu ya kitambaa ndiyo bora, maana hushika nguo na kuipunguzia ringi haja ya kasi. Tepu ya umeme inang'aa na kupendeza, ila ikipata jasho inateleza.

Nguo nayo ni sehemu ya chombo. Dera ni vazi zuri kwa joto letu, lakini kwa ringi lina shida mbili: ni pana, kwa hiyo ringi hulikunja na kulizungusha pamoja nayo, na kitambaa kikiwa laini ringi haipati pa kushika. Buibui la kitambaa cha kuteleza ni gumu zaidi. Wengine hushauri mtu avae nguo fupi ya kubana ngozi ishikane na plastiki, ushauri ambao wengi wetu hatuwezi kuufuata hadharani na hatuna haja nao. Chukua leso ya pamba, ikunje mara mbili kwa urefu, uifunge juu ya dera kuanzia kiunoni hadi ipite ile mifupa miwili ya nyonga. Usipige fundo. Ingiza ncha ndani na uikaze, kwa sababu fundo litakuwa kinundu na ringi italirukia kila ikipita. Leso hiyo inafanya kazi tatu kwa wakati mmoja: inalishika dera lisipepee, pamba inaipa ringi msuguano, na mikunjo yake inakuwa godoro juu ya mfupa unaovilia kuliko yote. Ndani vaa suruali ya mazoezi ili magoti nayo yapate kinga.

Ringi usiiache juani. Paipu nyeusi ikilazwa juu ya kabro, yale matofali ya kutandaza chini, saa saba mchana inapata joto la kuchoma mkono, na ikiegemezwa ukutani kwa siku kadhaa inapoteza uduara wake. Ringi iliyopinda haiwezi kubingirika sawasawa; ina sehemu zinazokuja karibu na sehemu zinazokuja kwa mbali, na hizo za karibu ndizo zinazogonga. Ilaze chini, kivulini.

Mitindo, kila mmoja na mahali pake pa kuumia

Ukiweza kuishikilia ringi kiunoni bila kuhesabu misukumo, mtindo wa kwanza ni kugeuka nayo: unatembea polepole kuelekea upande inakozunguka. Jambo la ajabu hapa ni kwamba ukigeuka nayo, inaonekana imepungua kasi kwako, na mgongano unapungua. Ndio mtindo wa kukimbilia ringi inapoanza kuteremka, badala ya kurusha nyonga kwa nguvu. Bila kusahau upande wa pili. Karibu kila mtu ana upande unaomjia wenyewe, wa kushoto au wa kulia, na akiung'ang'ania huo tu, mivilio yote inakaa sehemu moja na misuli ya mgongo wa chini inachoka upande mmoja. Anza kuzungusha pande zote mbili tangu wiki za mwanzo, hata kama upande wa pili unakuaibisha.

Kuitoa ringi kiunoni kwenda juu ya kichwa ndipo vifundo vya mikono vinapoumia. Mwanafunzi huona ringi inakuja, anaipelekea mkono kuikabili, na gramu 600 zenye kasi zinamkuta kwenye mfupa wa kifundo. Mkono uingie ndani ya ringi karibu kabisa na mwili, kidole gumba kikiwa kimelala pamoja na vingine, na uende upande uleule inakokwenda ringi. Ringi ikukute ukiwa unasafiri nayo. Kisha unapanda nayo juu kwa mzunguko, bila kuivuta.

Ikifika mkononi, inazunguka kwa kupita juu ya mgongo wa kiganja na kurudi kupitia panda la kidole gumba na cha shahada. Panda hilo lina ngozi laini na mfupa ulio karibu, na kwa ringi nzito linavilia upesi sana. Weka kiganja wazi, vidole vikiwa pamoja, kiwiko kimelegea, bega liko chini. Kukunja ngumi ni kosa la watu wote wa mwanzo: kunaifanya ringi irukeruke juu ya vifundo vya vidole. Zungusha kwa muda mfupi, badilisha mkono. Bangili na pete zivuliwe kabla, kwa sababu ringi ikigonga bangili ni bangili inayokuumiza.

Kifuani na mabegani msukumo ni uleule wa mbele na nyuma, ila sasa unatoka mbavuni. Mikono inakaa juu. Mbavu hazina nyama nyingi za kuzikinga, na wanawake wengi wataona maumivu ya matiti ringi ikipita bila mpangilio, kwa hivyo sidiria ya mazoezi si anasa. Mabegani ringi hugonga nyama ya nje ya mkono wa juu na mfupa wa mtulinga. Kinachosaidia ni kuwa na ringi iliyokwisha kupata kasi kiunoni kabla ya kupanda, kwa sababu ikipanda imechoka itaangukia kwenye kiwiko.

Magotini, ringi ikae juu kidogo ya kikombe cha goti, kamwe isikae juu ya kikombe chenyewe. Mguu mmoja mbele kidogo, magoti yamelegea, moja linasukuma mbele na jingine nyuma. Ikishuka chini ya goti iache ianguke. Kujaribu kuiokoa kwa kurusha mguu ndiko kunakoleta mivilio ya muundi, ambako mfupa umefunikwa na ngozi tu.

Mtindo wa kujitumbukiza ndani ya ringi inayozunguka juu ya kichwa unavutia macho, na ndio unaogonga pua na masikio. Jifunze kwanza ringi ikiwa imesimama: ishike juu, ishushe kupitia kichwa na bega moja, kisha la pili, mpaka mwili ujue njia. Mtandio ufungwe bila pini. Nalisema hili kwa mkazo, kwa sababu pini ya mtandio ikigongwa na ringi inaingia ngozini, na mahali inapokaa ni shingoni au chini ya kidevu. Hereni na mikufu nazo ziwekwe kando.

Shingo iwe ya mwisho kabisa, tena kwa ringi nyepesi kuliko zote ulizonazo. Koo halina mfupa wa kulikinga, na shingo haikuumbwa kwa misukumo ya haraka. Mizunguko michache polepole, ukihisi kizunguzungu acha. Mwenye tatizo la shingo auache mtindo huu bila kujiona amepungukiwa.

Upo mtindo mmoja nisioona ukipewa heshima yake: kuigandisha ringi hewani, ambapo mikono inaizungusha kwa namna inayoifanya ionekane haisogei huku mikono na mwili vikiizunguka. Haugusi kiuno wala goti. Unachosha bega na kifundo cha mkono tu. Siku nyonga inapouma, huo ndio wa kufanya, na wengi wangeendelea vizuri zaidi kama wangeugawa wiki wao hivyo, siku ya kiuno na siku ya mikono, badala ya kupumzika kwa hasira au kuendelea kugonga palipokwisha kuvilia. Mwanasarakasi wa Australia mwenye asili ya Kisomali, Marawa Ibrahim, alizungusha ringi 200 mwilini kwa pamoja mwaka 2015. Watu huona rekodi. Mimi huwaza wingi wa kazi ya ringi moja moja iliyotangulia siku ile.

Ringi za moto wanazotumia vijana wa sarakasi katika mahoteli ya Nyali na Bamburi sizizungumzii. Ni kazi ya watu waliofundishwa, wenye wenzao pembeni walioshika blanketi lililoloweshwa.

Mahali pa kufanyia

Nyumbani tatizo ni pangaboi. Mtindo wowote wa juu ya kichwa chini ya pangaboi linalozunguka ni hatari kwa macho, na hata likiwa limezimwa ringi italipinda. Mkono pamoja na ringi hufika karibu mita 2, kwa hivyo acha mita 2 wazi kila upande, na hesabu watoto wanaopenda kukusogelea. Juu ya paa la ghorofa pana nafasi, lakini ringi iliyoponyoka huruka ukuta na chini kuna watu.

Ufukweni kuna raha yake maji yakiwa yamekupwa na mchanga mgumu umebaki wazi. Mchanga mkavu na laini unazamisha mguu, na kifundo kinapinda unapogeuka. Zaidi ya hapo, chembe za mchanga hunasa kwenye tepu na kuigeuza msasa, na hapo hata ringi inayobingirika vizuri itakuchubua. Ioshe kwa maji baridi na uifute kabla ya kila duru. Kabro za Mama Ngina ni imara, ila zina mianya, na mguu mtupu juu yake huchubuka vidole. Vaa raba nyepesi. Msimu wa kusi, upepo ukivuma kutoka baharini, ringi nyepesi ya mkononi hupeperushwa ikarudi usoni. Simama ubavu ukiuelekea upepo au ungoje utulie. Kaskazi inaleta shida nyingine, joto na jasho, na jioni ndiyo saa ya mtu mwenye akili.

Anza na dakika 5, kisha 10. Kabla ya kuanza, pasha mwili kwa kuzungusha mabega, nyonga na vifundo. Mgongo usiupinde kwa nyuma kuitafuta ringi; kaza tumbo kidogo na usimame wima. Maumivu yanayokaa katikati ya mgongo wa chini si ya ringi kukugonga, ni ya namna unavyosimama.

Ukishaumia

Hapa Pwani mkono wetu wa kwanza ni maji ya moto na chumvi, na kukanda kwa nguvu mpaka mtu alie. Kwa mvilio mpya huo ni mpangilio wa kinyume. Joto hupanua mishipa, na mishipa iliyopasuka ikipanuka inavuja zaidi. Kukanda nako kunaipasua mingine. Siku ya kwanza na ya pili tumia baridi: barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa, isiguse ngozi moja kwa moja, kwa dakika 10 hadi 15, urudie mara kadhaa kwa siku. Bibi akija na birika lake mwambie kwa adabu, "Bibi, nitayatumia kesho kutwa," maana baada ya siku mbili maji ya vuguvugu yana faida ya kweli na yanasaidia damu iliyoganda kuondoka. Ukihitaji dawa ya maumivu, paracetamol ni salama kwa wengi kuliko aspirini, ambayo huifanya damu isigande haraka.

Nenda hospitali ukiona damu kwenye mkojo baada ya kugongwa ubavuni au mgongoni, uvimbe mgumu unaozidi kukua, maumivu makali ya tumbo, ganzi mkononi, au ukishindwa kuukanyagia mguu. Vivyo hivyo mivilio ikitokea mahali ringi haikupagusa, au ikikaa zaidi ya wiki mbili au tatu bila kufifia. Wajawazito, waliojifungua kwa upasuaji karibuni, wanaotumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu na wenye maradhi ya damu kutoganda wamuulize daktari kabla ya kuanza.

Kurudi ringini baada ya mvilio, pabonyeze kwa kidole. Pakiwa pangali panauma, kiuno kisubiri na mikono ifanye kazi. Pakinyamaza, anza kwa upande wa pili, ringi pana, leso iliyokunjwa mara mbili, dakika chache.